Wamekubali wote kikaoni, siku ya siku hakuja hata mmoja. Mnaowajua Wavietnam njooni mnieleweshe

#1 Binti_Rufiji
Wakuu habari za jioni.

Niko Vietnam, mji wa Can Tho kule kwenye delta ya Mekong. Nimekuja kujitolea kwenye kituo cha watoto wenye ulemavu, fani yangu ni fiziotherapia. Chumba nimepewa, hela ya kula ipo, kwa hiyo sijaja kulia njaa.

Kinachonisumbua ni hiki. Sikuitwa kunyoosha viungo vya watoto tu. Niliitwa niwafundishe wahudumu namna ya kumshika, kumkalisha na kumlisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo bila kumuumiza na bila wao kuumia mgongo. Nikapanga somo la saa moja kila Jumatano, saa saba mchana. Nikaliwasilisha kikaoni, mkalimani akatafsiri, wote wakatikisa kichwa kukubali, wengine wakaandika kwenye daftari. Mkurugenzi msaidizi akasema vizuri sana.

Jumatano ilipofika nikaenda na mkeka wangu na mdoli wa kufundishia, nikakaa peke yangu mpaka saa nane kasoro. Hakuja mtu, hakuna aliyetoa udhuru. Kesho yake mhudumu mmoja wa makamo ananiletea balungi, kalimenya vizuri, kaondoa na zile ngozi za ndani, kalipanga kwenye sahani na kando kaweka chumvi iliyotwangwa na pilipili. Ananitabasamia, kimya.

Wangekataa nisingeumia. Nimekulia Ikwiriri, kukataliwa nimezoea. Hii ya kukubali halafu kutotokea ndiyo siielewi. Ni dharau, ni lugha, ni mila zao, au ni mimi? Waliowahi kuishi huko tafadhali.

#2 Jogoo_la_Shamba
Ngoja waje wajuzi. Nimekaa pale.

#3 fundi_cherehani
Weka picha ya hilo balungi, bila picha hii ni chai.

#4 Hanoi_Mkongwe
Dada, saa saba mchana? Umeita watu somoni katikati ya usingizi wao.

Huko saa tano na nusu watu wanakula, ikigonga saa sita taa zinazimwa, mapazia yanavutwa, vitanda vya kukunja vinatolewa nyuma ya makabati. Nilisoma Hanoi. Mhasibu wa chuo chetu alikuwa analala juu ya meza ile ile anayopokelea ada, koti kajifunika usoni, viatu kavipanga chini vizuri. Ukienda saa sita na nusu na risiti yako unasubiri kwenye benchi na huruhusiwi hata kukohoa. Kazi inarudi saa saba na nusu. Hao watu wameamka saa kumi na moja alfajiri, wengine wameshafanya mazoezi kando ya mto kabla wewe hujatoka kitandani.

Hamisha muda, utaniambia.

#5 Binti_Rufiji
Asante mkuu. Habari ya usingizi nilikuja kuambiwa baadaye na nikahamisha somo hadi saa tisa. Wakaja wawili. Mmoja alikaa dakika kumi, akaitwa, hakurudi. Kwa hiyo usingizi umechangia lakini si wote.

#6 Mkenya_Saigon
Wacha niongeze. Watu wa kusini ukiongea wanakujibu "da", "da", "da". Mgeni anahesabu ndiyo tatu. Hiyo ni adabu tu, mtu anakwambia nakusikia, endelea. Mimi hufunza Kiingereza hapa Saigon. Nilipoanza nilikuwa nikiuliza darasa kama wameelewa, wote wanaitikia kwa furaha. Siku ya mtihani ndiyo unajua ulikuwa unaongea na ukuta. Siku hizi siulizi, namwita mmoja aje afanye ubaoni.

Halafu kukwambia hapana mbele za watu wanaona ni kukuvunjia heshima, na wao pia inawavunjia. Kwa hivyo watakubali, halafu watapotea pole pole. Hiyo ndiyo hapana yenyewe.

#7 Mchuuzi_Kkoo
Eti Wavietnam hawasemi hapana? Nimeenda kufuata mzigo wa nguo soko la Tan Binh hapo hapo Saigon. Nikataja bei yangu, yule mama akanijibu "khong" akiwa ameshageuka anamhudumia mwingine. Hakunitazama hata usoni. Nikapandisha, "khong". Nikajifanya naondoka, wala hakuniita. Hapana wanayo tena ya kutosha, acheni hadithi za vitabu vya watalii.

#8 Mkenya_Saigon
@Mchuuzi_Kkoo buda soko ni soko. Yule mama hatakuona tena, ana hasara gani? Huyu dada atakuwa nao mwaka mzima kwenye jikoni moja na kibaraza kimoja. Hapo ndipo watu wanaogopana.

#9 Afisa_Mipango
Naona wote mnazunguka. Nimefanya kazi na mradi uliokuwa na ofisi kule, nitasema nilichokiona.

Kwenye taasisi za kule, hasa za serikali, kikao si mahali pa kuamua. Watu wanakwenda kutangaziwa kilichokwisha kuamuliwa kwingine. Ukileta jambo jipya kikaoni, kila mtu anatikisa kichwa kwa sababu si kazi yake kulipinga wala kulipitisha. Mkurugenzi msaidizi kusema vizuri sana ni ukarimu, si agizo. Agizo linakuja kwa karatasi, na karatasi ina muhuri mwekundu wa duara. Bila huo muhuri, mhudumu akiacha wodi kuja kwenye mkeka wako na mtoto akianguka, nani atamtetea?

Mleta uzi, kituo ni cha serikali? Na uliandika chochote?

#10 Posho_Kwanza
Jamani tusiwasingizie Wavietnam mila. Itisha semina ya bure hapa Dodoma, siku ya kazi, mchana, hakuna posho, hakuna chai, hakuna hata maji ya chupa. Nani anakuja? Watakwambia "tupo pamoja mheshimiwa" na simu wanazima.

#11 Jogoo_la_Shamba
😂😂 Umemaliza mkuu. Uzi ufungwe.

#12 Hanoi_Mkongwe
@Posho_Kwanza amechekesha lakini kuna kitu. Bahasha za semina hata huko zipo. Nimeshuhudia warsha mtu anasaini, anapewa bahasha, anakaa mpaka mapumziko ya chai, anasepa.

#13 Binti_Rufiji
@Afisa_Mipango ndiyo, ni cha serikali. Karatasi sikuandika, niliwasilisha kwa mdomo. @Posho_Kwanza posho sina, labda niwape mdoli.

Kingine kilichonichosha: kila mtu ananiuliza umri. Mlinzi wa getini aliniuliza nina miaka mingapi kabla ya kuniuliza jina. Muuza mikate kaniuliza umri, nimeolewa au bado, na mshahara ni shilingi ngapi. Nikisema sijaolewa wananipa pole.

#14 Shemeji_wa_Nghe_An
Mdogo wangu, umri huko si umbea. Bila kuujua hawawezi hata kufungua mdomo. Sisi unaweza kumwambia mtu "wewe" na "mimi" ukamaliza mazungumzo. Wao hata "mimi" inabadilika kulingana na aliye mbele yako. Kwa mkubwa wako kidogo wewe ni em. Kwa mdogo wako wewe ni chi. Kwa mtu wa rika la mama yako wewe ni con huko kusini, kaskazini chau. Akikosea anakuwa amekutukana au amejishusha, kwa hiyo anauliza mapema aondoe balaa.

Nimemsomea mke wangu uzi huu, yeye ni mtu wa mkoa wa Nghe An, huko huko Vietnam. Amecheka mpaka akakaa chini. Kaniuliza kwanza, huyo dada ana miaka mingapi na hao wahudumu wana mingapi?

#15 Binti_Rufiji
Mimi 27. Wao wengi wamevuka arobaini, wapo wa hamsini na kitu.

#16 Shemeji_wa_Nghe_An
Basi anasema mambo mawili, na kwake yana uzito sawa. La kwanza, wewe pale ni con. Mtoto kamwita mama yake aje alale kwenye mkeka mbele ya wenzake ajifunze kubeba mtoto, kazi anayoifanya tangu wewe hujazaliwa. Hawezi kukukatalia kwa sababu umetoka mbali na anakuonea huruma, ndiyo maana ukaletewa balungi. La pili, kila mmoja anaogopa utamuuliza swali na asijue jibu. Akikosea, wenzake wataliongea jikoni mpaka Tet, mwaka mpya wao.

Mimi nilimwambia la kwanza lina mashaka maana kwao nako kijana mwenye shahada wanamheshimu sana. Akanijibu inategemea. Nikanyamaza, nimeoa.

#17 Hanoi_Mkongwe
Shemeji hapo kwenye shahada uko sahihi, usikubali kirahisi. Mwalimu huko ni mtu mkubwa hata akiwa kijana. Tarehe 20 Novemba ni Siku ya Walimu, nchi nzima inabeba maua. Mwalimu wa kike anaitwa co, na wenye umri wa kumzaa wanamwita hivyo hivyo. Dada aache kujitambulisha kama mtu wa kujitolea, hilo neno kwao linawapa picha ya mwanafunzi wa likizo aliyekuja kupaka rangi ukuta. Ajitambulishe kwa fani yake, vyeti avitoe.

#18 Danang_Kwetu
Nimesoma mpaka hapa nikisubiri nani atagusa rangi. Hakuna. Basi nitagusa mimi.

Nimeishi Da Nang. Sokoni nimeshikwa nywele na watu nisiowajua, mmoja alinivuta kabisa. Shule moja iliniambia waziwazi, tena kwa upole, kwamba wazazi wanataka mwalimu mweupe, kazi ikaenda kwa kijana ambaye Kiingereza hakikuwa hata lugha yake ya kwanza. Tazameni wanawake kwenye pikipiki jua la saa sita: koti lenye kofia, barakoa, glavu ndefu, soksi, na kitambaa kimefungwa kiunoni kufunika miguu, joto linakaribia nyuzi 35. Yote hayo wasiwe weusi. Halafu mnadhani mwalimu akitokea Rufiji hilo halimo kichwani mwao hata kidogo? Sisemi ni wabaya. Jirani zangu walinilea nilipougua dengi, uji walileta wao. Lakini tusifunike.

#19 Binti_Rufiji
Nakushukuru kwa kulisema. Nywele nimeshikwa, na mtoto mmoja wa kituoni alinisugua mkono kwa kidole alichokilowesha mate aone kama rangi itatoka. Huyo nampenda.

Lakini kwenye kabati la ofisi kuna maandishi ya Mbelgiji aliyenitangulia, mzungu kabisa, tena mtu mzima. Kaandika kurasa tatu analalamika hivi hivi: wanakubali, hawaji.

#20 Danang_Kwetu
Hapo nimekubali nusu. Nusu nyingine nabaki nayo.

#21 Mfasiri_Huru
Hamjamuuliza mkalimani ni nani. Ni kazi yangu hii, najua tunavyofanya. Kama ni kijana wa miaka 22 kasimama mbele ya wamama na mkurugenzi, hawezi kutafsiri "mtakuja kila Jumatano". Midomo itamwungua. Atasema "dada anapenda sana kama kuna mwenye nafasi Jumatano angefurahi". Wakasema vizuri, na ni kweli ni vizuri. Hakuna aliyedanganya hapo.

#22 Binti_Rufiji
Ni kijana, wa 23. Sasa naanza kumtazama kwa jicho jingine 😅

Kitu cha kuchekesha, yule mlinzi wa umri, mtoto wa dada yake aliwahi kufanya kazi Tanzania kwenye kampuni ya simu. Anajua neno "Dodoma" na "mambo". Kila asubuhi ananiambia "mambo Dodoma".

#23 Mrundi_Buja
Hiyo ni kampuni ya Viettel, mali ya wizara yao ya ulinzi. Kwenu inaitwa Halotel, kwetu Burundi Lumitel, Msumbiji Movitel. Nchi kubwa zilitupita, Wavietnam wakaja kusimamisha minara mpaka vijijini.

#24 Korosho_Mtwara
Na korosho zetu msizisahau. Ghafi inapanda meli inakwenda kubanguliwa huko, kisha tunaikuta kwenye pakiti za kupendeza uwanja wa ndege. Viwanda vingi viko mkoa wa Binh Phuoc. Nchi ina mikoa 63 lakini huo mmoja umeshika korosho nyingi.

#25 Afisa_Mipango
Rekebisha hapo mkuu. Tangu 1 Julai 2025 si 63 tena, wameunganisha imebaki 34, na ngazi ya wilaya wameifuta. Binh Phuoc imeingia Dong Nai. Hata Can Tho ya mleta uzi imemeza mikoa jirani ya Soc Trang na Hau Giang, ukubwa umebadilika. Na hili linahusu mada: ofisi zimeunganishwa, mabosi wamepunguzwa, wengine hawajui kesho watakuwa chini ya nani. Wakati huo nani anataka kusaini barua ya somo la kujitolea?

#26 Korosho_Mtwara
Nimepokea marekebisho. Korosho ziko palepale.

#27 Kalenda_Mwezi
Mleta uzi, hiyo Jumatano ilikuwa tarehe ngapi kwa kalenda yao ya mwandamo wa mwezi? Tarehe mosi na kumi na tano watu wanakwenda pagoda (hekalu la Kibuddha), hawali nyama, na wengine hawaanzishi jambo. Mwezi wa saba ndio kabisa, wanasema mizimu isiyo na wenyewe inazurura, hawanunui nyumba wala hawafungui biashara.

#28 fundi_cherehani
Sasa tumefika kwenye mizimu. Nilijua tutafika.

#29 Binti_Rufiji
Nimekwenda kuangalia kalenda ya ukutani jikoni, ile ya kuchana, ina namba ndogo chini. Haikuwa mosi wala kumi na tano, na mwezi wa saba ulishapita. Hilo tulitoe.

#30 Mama_Junior
Wanaume mnaongea sana 😀 Hamjauliza hao wahudumu saa ya kutoka wanakwenda wapi.

Naishi Saigon, nina mtoto wa shule. Saa kumi jioni na kitu nenda mbele ya shule yoyote ya msingi, barabara imezibwa na pikipiki za wazazi na mabibi, kila mtu ana kofia ndogo ya mtoto imening'inia kwenye usukani. Ukichelewa mwalimu anakupigia simu. Wahudumu wengi ni wanawake, si ndiyo? Somo la saa tisa maana yake kazi ya saa tisa inasogea saa kumi, ya saa kumi inasogea, na mtoto anasubiri getini. Hawatakwambia hilo kwa sababu ni mambo ya nyumbani, wewe ni mgeni.

Na kwa kuwa unafanya kazi na watoto: usimsifie mtoto mchanga kwamba ni mnene na mzuri ukaishia hapo. Wazee hawapendi, wanaona unamvutia mabaya. Nimesikia bibi anamwita mjukuu wake mbaya huku anambusu. Kule kaskazini kuna maneno wanatanguliza kabla ya sifa, "trom via".

#31 Ukhty_Forodhani
Sisi si tuna mashaallah yetu, tutazoeana tu. Swali langu ni chakula. Nguruwe mnamkwepaje huko? Mwanangu ana nafasi ya kwenda naogopa.

#32 Mkenya_Saigon
Mama usiogope. Nguruwe yuko kila pembe, hata kwenye supu ya mboga mafuta yake yamo. Lakini mwambie atafute vibanda vilivyoandikwa "com chay", havipiki nyama yoyote, ni chakula cha Wabuddha. Saigon kuna msikiti mtaa wa Dong Du, Hanoi uko Hang Luoc. Na huko karibu na huyu dada, upande wa Chau Doc, kuna vijiji vya Wacham Waislamu, wanaume na kikoi na kofia nyeupe.

Kwa mleta uzi, swali moja: umeshakula nao? Si kula kituoni, nasema kukaa nao jioni vile viti vifupi vya plastiki magoti yakigusa kidevu. Huku kazi huanza mezani. Bia inamiminwa juu ya barafu, mtu anahesabu mot, hai, ba, dooo! Kesho yake ofisini wewe ni mtu mwingine.

#33 Binti_Rufiji
Sinywi. Na hao wamama sidhani kama wanakaa kwenye bia.

#34 Mama_Junior
Wanaokaa ni waume zao. Wewe wakimbilie jikoni, kaa nao wanapochambua rau muong. Ni ndugu wa matembele, mikono yako inaijua hiyo kazi. Na kitu ukipokea pokea kwa mikono miwili, vijiti usivisimamishe kwenye wali, hivyo ni ubani wa maiti.

#35 Afisa_Mipango
Na ukienda kwenye hizo meza za @Mkenya_Saigon, usipande pikipiki ya aliyekunywa. Tangu 1 Januari 2020 dereva haruhusiwi hata tone moja, na faini zinauma. Kofia ngumu lazima hata kwa abiria.

#36 Jogoo_la_Shamba
Kuvuka barabara je? Nimeona video, pikipiki kama mafuriko.

#37 Danang_Kwetu
Unatembea taratibu, mwendo mmoja, husimami, hurudi nyuma. Wao ndio wanakukwepa. Anayekimbia ndiye anagongwa. Magari na mabasi lakini hayakukwepi, hayo yasubiri.

#38 Binti_Rufiji
Wakuu nimerudi na mrejesho.

Nilibadilisha vitu vingi kwa mpigo, mnisamehe wapenda utafiti. Niliandika barua ya nusu ukurasa, mkalimani akaitafsiri, nikamwambia aisome kwa sauti kwangu kisha anieleze upya kwa Kiingereza alichoandika. Mkurugenzi msaidizi aliizungusha mezani, akaniuliza maswali kuhusu chuo nilichosoma, kesho yake ikarudi na muhuri mwekundu. Muda ukawa saa mbili na nusu asubuhi, watoto wakishakunywa uji. Siku mbili kabla nikawa nashinda jikoni na kisu cha mboga. Na sikumwita mtu alale mkekani. Nilimwomba yule mama wa balungi, Co Bay wanavyomwita, anionyeshe yeye anavyombeba mtoto mmoja aliyekakamaa sana viungo, wa miaka tisa. Ana namna yake: anakunja goti la mtoto kwanza, anasubiri misuli ilegee, ndipo anapitisha mkono chini ya mapaja. Vitabu vyangu vinasema hivyo hivyo. Nikaongeza kidogo kuhusu mgongo wake yeye.

Walijaa. Mpaka dereva alikuja. Walicheka mwanzo mwisho na bado sijui walikuwa wanacheka nini.

#39 Afisa_Mipango
Muhuri.

#40 Mama_Junior
Muhuri wapi, ni muda! Saa mbili na nusu hakuna wa kumchukua shule.

#41 Shemeji_wa_Nghe_An
Mke wangu anasema ni kwa sababu Co Bay ndiye aliyefundisha. Kaniambia niandike kwa herufi kubwa, nimekataa.

#42 Mfasiri_Huru
Mkalimani alirudishiwa maneno yake mwenyewe. Nyie endeleeni na mihuri.

#43 Posho_Kwanza
Kulikuwa na chai?

#44 Binti_Rufiji
@Posho_Kwanza kulikuwa na chai ya barafu na keki za ndizi za mvuke, alileta Co Bay 🙈

#45 Posho_Kwanza
Sina la kuongeza.

#46 Binti_Rufiji
Jumatano iliyofuata wamekuja wachache, na dereva. Muhuri upo, muda ule ule, keki zilikuwepo. Nimemuuliza Co Bay kwa ishara na programu ya kutafsiri ya simu, kanijibu kulikuwa na harusi. Mkalimani anasema hakukuwa na harusi, kulikuwa na ukaguzi. Mkurugenzi msaidizi anasema walikuja wote.

#47 fundi_cherehani
😂😂😂 Mizimu.

#48 Hanoi_Mkongwe
Jiandae tu, Tet ni 17 Februari 2026. Kuanzia wiki mbili kabla hupati mtu wa kumfundisha kitu, watu wanafagia, wanalipa madeni, wanarudi kwao, mabasi yanajaa. Inaisha na bado mwezi mzima kila mtu anasema "baada ya Tet". Na asubuhi ya siku ya kwanza usiingie nyumba ya mtu bila kualikwa. Anayeingia wa kwanza ndiye anayeleta bahati ya mwaka mzima, wanamchagua kwa mwaka aliozaliwa.

#49 Danang_Kwetu
Mimi niliombwa niwe huyo wa kwanza. Mwenye nyumba alihesabu mwaka wangu akaridhika, akanifuata saa sita usiku nimevaa pajama, nikaingia nyumbani kwake nikapewa bahasha nyekundu. Mwaka huo biashara yake ya samani ilikwenda vizuri, mwaka uliofuata akanipigia simu nikiwa nimesharudi Arusha.

#50 Ukhty_Forodhani
Ahsanteni kwa habari za misikiti. Mwanangu atapelekwa Hanoi, si kusini. Baridi ipo?

#51 Hanoi_Mkongwe
Ipo tena ya kuingia mifupani, Desemba mpaka Februari, na nyumba nyingi hazina vipasha joto. Ikiisha inakuja ile wanaita nom: kuta zinatoka jasho, sakafu inateleza, nguo hazikauki wiki nzima. Abebe sweta mbili. Viatu anavaa namba ngapi?

#52 Ukhty_Forodhani
45.

#53 Hanoi_Mkongwe
Basi viatu vyote abebe kutoka nyumbani. Ikizidi 43 madukani huko wanaita wenzao waje kuangalia mguu.